Fundi Hakuiba: Historia ya Kapasita Zilizovimba

Leo naiweka siasa pembeni kidogo, ingawa najua wapo watakaonung'unika. Nataka tuzungumze juu ya kesi moja ya zamani ambayo kwetu haikufika mahakamani, ila ilihukumiwa mitaani mara nyingi mno, na karibu kila mara aliyetiwa hatiani alikuwa mtu yuleyule: fundi wa kompyuta.

Kesi yenyewe unaijua. Mtu kanunua kompyuta, kaitumia mwaka mmoja au miwili, halafu siku moja inaanza kujizima katikati ya kazi. Anaipeleka kwa fundi. Fundi anapuliza vumbi, anaweka Windows upya, anairudisha kwa mwenyewe ikiwa inawaka vizuri. Baada ya wiki mbili imekufa kabisa. Mwenye mali anarudi kwa hasira na hukumu iliyokwisha kuandikwa: "Nilipoileta ilikuwa inawaka. Umechomoa vifaa vyangu vizima, umeniwekea vibovu!"

Fundi mmoja wa Kariakoo, ambaye siku hizi anatengeneza simu tu, aliniambia kwamba miaka ile aliwahi kuburuzwa hadi kwa mjumbe wa nyumba kumi kwa sababu ya mashine moja ya steshenari. Alilipa. Hakuwa ameiba kitu, ila hakuwa na la kujitetea, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kilichoiua ile mashine. "Mdogo wangu," aliniambia, "tulikuwa tunalaumu umeme, umeme unalaumu vumbi, vumbi linalaumu virusi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nifukue historia hii. Mimi mgawo mkali wa umeme wa 2006 ulinikuta bado niko shule ya msingi, kwa hiyo sikuwa na chumba cha kompyuta wala fundi wa kugombana naye. Lakini mwandishi wa habari akisikia kesi ambayo kila shahidi anamlaumu mwenzake, mikono inamwasha. Na nilichokikuta ni kwamba kompyuta nyingi zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1999 na 2007 hivi zilitoka kiwandani zikiwa na ugonjwa tayari. Wenzetu waliupa jina kabisa: tauni ya kapasita.

KAPASITA NI NINI HASA?

Tuanze chini kabisa ili tusiachane njiani. Wote tunaoishi Dar es Salaam tunajua kwa nini mtu anaweka tangi la maji juu ya nyumba. Maji ya bomba yanakuja kwa kusuasua, mara yanakuja kwa nguvu, mara yanakatika. Tangi linapokea yakija na kutoa yakihitajika, na bomba la jikoni linatiririka sawasawa kana kwamba hakuna tatizo lolote. Kapasita ndiyo tangi la umeme. Inapokea chaji, inaihifadhi kwa kitambo kidogo sana, na kuitoa pale mkondo unapolegea.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1745 na 1746, Mjerumani von Kleist na Mholanzi van Musschenbroek, kila mtu kivyake, waligundua kwamba chupa ya kioo inaweza kuhifadhi umeme. Aina inayohusika na kisa chetu, ya alumini na majimaji, ilianza na Karol Pollak, mhandisi wa Kipolandi, mwishoni mwa karne ya 19. Alumini ikitumbukizwa kwenye majimaji fulani na kupitishiwa umeme inajivika ngozi nyembamba ya oksidi isiyopitisha umeme. Ngozi hiyo ndiyo moyo wa kifaa. Kadiri inavyokuwa nyembamba, ndivyo kopo dogo linavyoweza kubeba chaji nyingi. Redio za kwanza zilizotumia umeme wa ukutani zilizitegemea sana kapasita hizi, na mpaka leo mafundi redio wetu wa zamani wanaziita kondensa.

Ukifungua kompyuta ya mezani ya miaka ile utaziona kwenye mazabodi: vikopo vya duara vilivyosimama wima kama askari wa gwaride, hasa karibu na prosesa. Juu ya kichwa cha kila kikopo kuna mkwaruzo wenye umbo la msalaba au herufi K. Mkwaruzo huo umewekwa makusudi: gesi ikijaa ndani, kichwa kipasuke taratibu pale palipopunguzwa unene, badala ya kopo zima kulipuka kama baruti. Ukumbuke mkwaruzo huo, tutaurudia.

NJAA YA PROSESA

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni za prosesa zilikuwa kwenye mbio kali. Athlon ya AMD ilitoka mwaka 1999, Pentium 4 ya Intel ikafuata Novemba 2000, na kwa ujumla prosesa zilizidi kula umeme mwingi. Baadhi ya Pentium 4 za baadaye zilivuka wati 100. Sasa piga hesabu. Prosesa hiyo haitumii volti 230 za ukutani. Inatumia volti moja na nusu hivi. Ili kupata wati 100 kwenye volti moja na nusu unahitaji mkondo wa karibu ampea 70. Fyuzi kubwa ya plagi ya nyumbani kwako ni ya ampea 13! Na mkondo huo haupiti kwa utulivu. Unapanda na kushuka mara maelfu kwa sekunde, kadiri prosesa inavyofanya kazi na kupumzika.

Kazi ya kutuliza vurugu hiyo ni ya kapasita. Kapasita za kawaida, za kwenye redio, haziwezi, kwa sababu zina ukinzani mkubwa ndani yake. Zikipitishiwa mkondo mwingi wa kupanda na kushuka zinachemka. Zilihitajika kapasita zenye ukinzani mdogo wa ndani, na ziwe za bei nafuu, maana mazabodi moja inabeba kapasita nyingi.

Wajapani ndio waliopata jibu. Kampuni ya Rubycon ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutengeneza kapasita ambazo sehemu kubwa ya majimaji yake ni maji. Ndiyo, maji, haya haya. Majimaji ya namna hiyo yanapitisha umeme vizuri, na maji ni rahisi kuyapata. Tatizo ni kwamba maji na alumini hawakai pamoja kwa amani. Yakiachwa hivi hivi yanaila alumini, yanaigeuza kuwa haidroksidi na kutoa gesi ya haidrojeni. Kwa hiyo siri ya Wajapani ilikuwa kwenye viungo vinavyoongezwa ndani ya maji hayo ili kuilinda ile ngozi ya oksidi. Ukikosea viungo, umetengeneza bomu la polepole.

FOMULA ILIYOIBWA

Hapa ndipo kisa kinaponoga. Mwaka 2002 jarida moja la biashara ya vifaa vya elektroniki lilitoa habari iliyoshtua watu. Kwa mujibu wa habari hiyo, mwanasayansi mmoja aliyekuwa akifanya kazi Rubycon aliondoka Japani akaenda kufanya kazi China, kwenye kampuni ya Luminous Town Electric, na huko akatengeneza majimaji yanayofanana na yale ya Kijapani. Baadaye watu waliokuwa chini yake wakaondoka na fomula hiyo, ikafika Taiwan, ambako ilitumiwa kutengeneza kapasita kwa wingi. Kasoro ni moja tu: fomula waliyoondoka nayo haikuwa kamili. Ile sehemu ya viungo vya kulinda alumini haikuwamo.

Ni kama mtu aliyechungulia jikoni kwa mama ntilie akaiba namna ya kupika pilau, akarudi kwake na mchele, nyama, mafuta na vitunguu, akasahau viungo vyote. Kwa macho ni pilau. Tofauti utaijua ukionja.

Na kapasita hizo kwa macho zilikuwa nzima kabisa. Zilifaulu majaribio ya kiwandani, zikafungwa kwenye mazabodi, mazabodi zikaingia kwenye kompyuta, kompyuta zikauzwa dunia nzima. Ugonjwa ulihitaji muda: baadhi zilianza kufa baada ya miezi tu, nyingine baada ya mwaka au miwili. Gesi inajaa, kichwa cha kopo kinavimba, ule mkwaruzo unapasuka, majimaji ya rangi ya kutu yanachuruzika. Tangi likishatoboka, prosesa inaletewa umeme wa kusuasua, na kompyuta inaanza vituko: inaganda, inajiwasha upya, skrini inageuka bluu na maandishi meupe.

Nani aligundua? Si maprofesa. Ni mafundi! Fundi mmoja wa Marekani aitwaye Carey Holzman, aliyekuwa akitengeneza kompyuta za wateja, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupiga kelele hadharani baada ya kuona mazabodi nyingi zenye vikopo vilivyovimba namna ileile. Mwezi Februari 2003, IEEE Spectrum, jarida la chama kikubwa cha wahandisi wa umeme duniani, likaandika juu ya kapasita zinazovuja na kuharibu mazabodi. Kati ya watengenezaji wa mazabodi, ABIT ya Taiwan ndiyo iliyokubali waziwazi kwamba bidhaa zake ziliathirika. Wengi wengine walichagua kukaa kimya au kuzibadilisha mazabodi kwa wateja waliolalamika, mmoja mmoja, bila kutangaza.

KAMPUNI KUBWA NAZO ZILIKUMBWA

Usije ukadhani ni vikampuni vya uchochoroni tu. Mwaka 2005 Apple ilianzisha mpango maalumu wa kutengeneza bure baadhi ya iMac G5 zilizokuwa na matatizo ya picha na ya umeme. Mwaka huohuo Dell ilitenga dola za Marekani zipatazo milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha kompyuta zake za ofisini za OptiPlex, hasa GX270 na GX280.

Habari kamili ya Dell ilikuja kujulikana mwaka 2010. Kampuni moja ya intaneti ya North Carolina, Advanced Internet Technologies, ilikuwa imeishtaki Dell mwaka 2007 kwa sababu ya OptiPlex ilizonunua. Nyaraka za kesi zilipofunguliwa, gazeti la New York Times likazisoma na kuandika: kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell ilisambaza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kufa kwa sababu ya vifaa vibovu. Utafiti wa ndani wa kampuni ulionyesha kuwa katika miaka mitatu matatizo yangeweza kufikia asilimia 97. Na wakati huo wafanyakazi walikuwa wanaelekezwa kukwepa maneno yoyote yanayoonyesha kwamba bodi ni mbovu.

Kichekesho cha karne kiko Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Idara ya hisabati ilipolalamika kwamba kompyuta zake zinakufa, ikaambiwa imezichosha kwa hesabu ngumu mno! Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule fundi wa Kariakoo. Kumbe hata maprofesa wa hisabati wa Marekani waliambiwa kosa ni lao. Kesi ile iliishia kwa pande mbili kuelewana mwaka huohuo wa 2010.

JE, MWIZI NDIYE MWENYE KOSA LOTE?

Sasa naomba tusimame kidogo. Hadithi ya fomula iliyoibwa ni tamu, ina mwizi, ina siri, ina adhabu. Lakini kazi hii ya magazeti imenifundisha kuiogopa hadithi inayotosha kupita kiasi.

Nyaraka za kesi ya Dell zilitaja kapasita za Nichicon. Nichicon si ya Taiwan, wala haikuiba fomula ya mtu. Ni kampuni ya Kijapani, ya siku nyingi na yenye heshima. Kasoro ya kapasita zake za miaka ile inaelezwa kuwa ya namna nyingine: kopo kujazwa majimaji kupita kiasi. Kwa hiyo kulikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja uliofanana dalili, kama vile homa inavyoweza kuwa malaria na inavyoweza kuwa kitu kingine kabisa.

Kilicho cha pamoja kwa wote ni haraka na bei. Prosesa zilitaka umeme mwingi zaidi kila mwaka, wauzaji wakataka mazabodi ya bei ya chini zaidi kila mwaka, na tofauti ya senti chache kwenye kopo moja, ukiizidisha kwa mamilioni ya makopo, inakuwa fedha ya kujengea ghorofa. Mwizi, kama kweli alikuwepo, aliuza bidhaa kwa watu waliokuwa wanatafuta rahisi. Hilo halihitaji jasusi kulieleza.

SAFARI YA KUJA KWETU

Tuje nyumbani. Tanzania ilikuwa na kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku hiyo ilipokuja kulegezwa, njaa ya kompyuta ilikuwa kubwa na mifuko ilikuwa mitupu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyumba vya intaneti na steshenari vilichipuka kila mtaa, na mashine zilizojaa humo zilikuwa mitumba, zilizokwisha kustaafu kwenye ofisi za Ulaya, Marekani na Uarabuni.

Hebu tufanye hesabu ambayo haihitaji profesa. Ofisi za Ulaya na Marekani zilikuwa na desturi ya kubadilisha kompyuta baada ya miaka mitatu au minne. Kompyuta ya 2003 inastaafu 2006 au 2007. Inakaa ghalani, inapakiwa kwenye kontena, inavuka bahari, inashushwa Dar es Salaam au Mombasa. Mnunuzi wa Kariakoo anaifikia ikiwa na umri wa miaka minne. Ni umri uleule ambao kapasita mbovu ambazo bado hazijavimba ziko karibu kuvimba. Kule zilikotoka zilikuwa na waranti na kampuni iliyotenga mamilioni ya dola. Huku zilifika na neno moja: "Ikitoka dukani hairudi."

Halafu kuna joto. Kapasita za majimaji zina kanuni moja ambayo kila fundi anapaswa kuiandika ukutani: joto likipanda kwa nyuzi 10, maisha yake yanapungua kwa nusu. Kapasita nzuri iliyoandikwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105 inaweza kuishi saa 64,000 hivi kwenye nyuzi 55, yaani zaidi ya miaka saba ikiwaka usiku na mchana. Ipandishe hadi nyuzi 65, inabaki saa 32,000, chini ya miaka minne. Sasa ofisi yenye kiyoyozi ina nyuzi 22, na chumba cha intaneti cha Manzese mwezi Februari kina nyuzi 32 na feni iliyoziba vumbi. Tofauti ni nyuzi 10. Kwa hiyo hata kapasita isiyo na kosa lolote kwetu inaishi nusu ya umri wa mwenzake. Na ile iliyozaliwa na ugonjwa?

Ndiyo maana yule fundi na wenzake hawakuwa wajinga walipolaumu umeme na vumbi. Vyote viwili vilikuwa na mkono. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, umeme ukawa wa mgawo, na kila ukirudi unarudi kwa kishindo. Kompyuta iliyo dhaifu inakufa siku ya kishindo, na watu wanazika wakisema umeme umeua. Umeme ulimalizia tu.

NAMNA YA KUMTAMBUA MHALIFU

Mafundi wetu walijifunza wenyewe, bila semina na bila cheti. Kompyuta za aina hiyo bado zipo kwenye shule na stoo za watu, na kapasita bado zinakufa kwenye televisheni na ving'amuzi, kwa hiyo elimu yao haijachacha. Nimeikusanya hapa kama nilivyoelezwa.

Kwanza, usikimbilie kuweka Windows upya. Kompyuta inayoganda hata kabla ya Windows kuwaka haina ugonjwa wa programu. Dalili kubwa ya kapasita ni mashine inayokataa kuwaka asubuhi, unaibonyeza mara tano ndipo inaamka, na ikishapata moto inafanya kazi vizuri. Wengi wanadhani ni swichi.

Pili, chunguza kimoja kimoja. Chomoa ramu, ijaribu moja baada ya nyingine. Azima pawa saplai unayojua ni nzima, uifunge. Tumia kidogo kabisa kinachotosha kuwasha: prosesa, ramu moja, pawa saplai. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo mashine ikapona, hujajua kilichokuwa kibovu, na mteja atalipia vitatu.

Tatu, tumia macho. Zima, chomoa waya ukutani, fungua, mulika tochi karibu na prosesa. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa kama sarafu. Kilichotuna, hata kidogo, kimekwisha. Ukiona ukoko wa kahawia kwenye ule mkwaruzo, au kopo limeinama kwa sababu limevujia chini, kesi imeisha. Ila tahadhari: kapasita inaweza kufa bila kuvimba, kwa hiyo vichwa bapa si hati ya usafi.

Nne, kubadilisha. Soma volti na ukubwa ulioandikwa ubavuni, kwa mfano volti 6.3 na maikrofaradi 1,500. Mpya iwe na volti zilezile au zaidi, ukubwa uleule, na iwe ile ya ukinzani mdogo inayostahimili nyuzi 105. Hapa ndipo wengi walipoumia. Walichomoa kapasita kwenye redio au televisheni mbovu, namba zikalingana, kompyuta ikawaka, mteja akalipa, na baada ya muda mfupi ikarudi. Namba zililingana lakini tabia haikulingana. Kisha angalia upande: mstari ubavuni unaonyesha mguu wa hasi. Ukigeuza, italipuka. Chora alama za upande kwenye karatasi kabla ya kung'oa hata moja. Mazabodi ina tabaka nyingi za shaba zinazonyonya joto, kwa hiyo chuma cha kuchomea risasi kiwe na nguvu ya kutosha. Chenye joto hafifu kitakufanya uvute kwa nguvu na kung'oa njia za shaba pamoja na kapasita.

Tano, na hili si la mzaha. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa zinazobeba volti zaidi ya 300, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kama hujafundishwa kuzitoa chaji, usifungue boksi hilo. Pawa saplai inanunuliwa, mkono haununuliwi.

KILICHOBAKI

Tauni yenyewe ilipungua kuelekea mwishoni mwa miaka ya 2000. Watengenezaji wa mazabodi walianza kutumia kapasita za polima, ambazo ndani hazina majimaji, kwa hiyo hazina cha kuchemka wala kuvuja. Ukifungua kompyuta ya mezani ya miaka ya karibuni utaona vikopo vifupi vyenye vichwa bapa visivyo na mkwaruzo wa msalaba. Hizo ndizo. Wauzaji wakageuza jambo hilo kuwa tangazo, wakaandika kwenye maboksi kwamba kapasita zao ni imara, bila kusema kwa nini ghafla mteja anahitaji kuambiwa hivyo.

Kinachoniuma si kapasita. Ni namna habari ilivyosafiri. Februari 2003 wahandisi walikuwa wanajua. 2005 wahasibu walikuwa wanajua, wakatenga fedha. Kontena zilipokuwa zinashushwa Dar es Salaam miaka iliyofuata, mashine zilifika, lakini habari haikupanda meli. Katika mlolongo mzima wa watu, kuanzia kiwandani Asia hadi kwenye meza ya mbao pale Kariakoo, aliyelipa kwa jina lake ni yule aliyeshika bisibisi mwishoni.

Kama nyumbani kwako kuna kompyuta ya zamani imelala stoo, ifungue jioni moja umulike karibu na prosesa. Na kama ukikuta vichwa vimevimba, na kuna fundi mtaani kwenu ambaye tangu wakati ule mnasalimiana kwa mbali, nadhani unajua pa kupitia kesho. Nenda na soda mbili.